Kuchunguza historia ya eneo la mashambani kwa ramani za zamani za topografia

Ndugu uliyeuliza, umesema umepata karatasi moja ya ramani ya zamani ya topografia, yaani inayoonyesha sura ya ardhi, ya eneo la mashambani unalotaka kulifahamu, na hujui uanzie wapi. Nimekuwa nikifanya uchunguzi wa namna hii kwa muda mrefu, kwa kupenda tu, na jibu langu la kwanza ni kwamba karatasi moja haitoshi. Historia imo katika tofauti zilizopo kati ya toleo moja na jingine, kwa hiyo tafuta walau matoleo mawili ya eneo hilohilo, na ikiwezekana yawe ya skeli moja, yaani uwiano uleule kati ya vipimo vya ramani na vya ardhini.

Kabla ya kutazama milima na mito, soma pambizo. Mwaka unaoonekana upesi mara nyingi ni mwaka wa kuchapishwa, ilhali mwaka wa upimaji, au wa picha za angani zilizotumika kuchora, huandikwa kwa herufi ndogo chini, na pengo kati yake laweza kuwa kubwa. Ramani nyingi za Afrika Mashariki za skeli ya 1:50,000, kwa mfano, zilichorwa kutokana na picha za angani na idara ya upimaji wa makoloni ambayo Uingereza iliianzisha mwaka 1946. Huko Marekani, USGS, shirika la serikali linalochora ramani za nchi hiyo, lilikuwa na desturi ya kuchapa baadhi ya marekebisho kwa rangi ya zambarau juu ya ramani ya awali, jambo linalomfaa sana mchunguzi, kwa sababu nyakati mbili zinaonekana kwenye karatasi moja.

Ukishajua ramani inasema habari za mwaka gani, anza na njia, hasa njia za miguu. Barabara kubwa huchorwa upya, hupanuliwa na kunyooshwa, lakini njia ya miguu huendelea kutumika hata baada ya sababu yake kusahauliwa. Katika eneo mojawapo nililolichunguza, njia kadhaa zilikutana kando ya mto mahali ambapo ramani mpya haikuonyesha chochote, wala kisima, wala jengo, wala makutano ya barabara. Toleo la zamani lilionyesha hapo alama ya kivuko cha miguu, na majengo yamejipanga pande zote mbili za mto. Daraja lilipojengwa sehemu nyingine ya mto, barabara ilihamia huko na makazi yakaifuata, lakini njia zilibaki zikielekea mahali pa zamani. Basi kila unapoona njia inapinda bila kilima wala kinamasi cha kuilazimisha kupinda, jiulize ilikuwa ikikwepa nini au ikifuata nini.

Kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa, nazo zinasaidia kuliko watu wengi wanavyodhani. Reli iliyong'olewa, kwa mfano, haifichiki kwa urahisi, kwa sababu treni haipandi mlima mkali. Njia yake hufuata mwinuko mdogo kwa mapindo mapana, ikipita juu ya tuta bondeni na kukata kilima inapobidi, na mipaka ya mashamba huhifadhi pindo hilo hata vyuma vikiwa vimeondolewa. Kinyume chake, mpaka ulionyooka kabisa, unaokatiza kontua, vijito na vilele bila kujali, aghalabu ulichorwa ofisini.

Kuhusu majengo, nakusihi usiyahesabu kama sensa. Kwenye skeli ya 1:50,000, milimita moja ni mita 50 ardhini, kwa hiyo nyumba ya kawaida ingekuwa nukta isiyoonekana kama ingechorwa kwa kipimo chake. Mchoraji hulazimika kuikuza, kuisogeza kidogo, na kuziacha nyingine. Tena kila ramani ilikuwa na mwenye kuiagiza na haja zake. Upimaji wa kitaifa wa Uingereza, ulioanza mwaka 1791, ulichochewa na hofu ya kuvamiwa na Wafaransa. Kutokuwepo kwa kitu kwenye ramani, basi, si ushahidi kwamba hakikuwepo ardhini.

Ramani zilizopigwa skani zinapatikana bure kwenye tovuti ya USGS, kuanzia mwaka 1884, na kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland. Kuzilaza juu ya picha za setilaiti ninatumia QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa. Chagua alama za kuoanishia, yaani mahali panapotambulika kwenye ramani na kwenye picha pia, ambazo hazihami, kama makutano ya barabara na nguzo za upimaji, uzitawanye karibu na pembe zote za karatasi. Mapindo ya mto usiyaamini. Ukitumia namba za gridi zilizochapwa, zingatia mfumo wa marejeo wa upimaji, yaani msingi ambao namba hizo zilihesabiwa kutoka kwake. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zilitumia mfumo wa Arc 1960, na usipoubadilisha kwenda ule wa GPS utajikuta umekosea kwa mita 300 hivi, umbali unaotosha kukufanya utafute makaburi kwenye kilima kisicho chake.

Hatimaye nenda ardhini, ukiwa na nakala, na uzungumze na wazee wa eneo. Geuza ramani ielekee kama ardhi ilivyo, utaje mto na kilima vinavyoonekana, kisha uwaachie nafasi ya kusema. Swali kama "je, hapa palikuwa na shule?" humpa mtu jibu kabla hajakumbuka, ni afadhali kuuliza watu walikuwa wakipita wapi kwenda kuteka maji, kuuza mazao au kuzika. Hakiki nao majina yote, kwani mengi yaliandikwa na wapimaji wageni kwa jinsi walivyoyasikia. Na ukionyeshwa makaburi au mahali pa ibada, omba ruhusa kwanza kabla ya kuweka alama au kumwonyesha mtu mwingine.

Ukinitajia namba ya karatasi yako na mwaka wa upimaji ulioandikwa pambizoni, nitakueleza toleo gani jingine linafaa kulinganishwa nayo.