Skuta Isiyopanda Mlima: Tafuta Tatizo Kabla ya Kununua Vipuri

Bukavu, mashariki mwa Kongo, si mji unaoihurumia skuta dhaifu. Kasoro ambayo mkazi wa mji tambarare angeishi nayo mwaka mzima bila kuigundua, hapa hujitangaza kwenye mpando wa kwanza wa kuelekea Kadutu, ukiwa umembeba mtu nyuma na lori likikupigia honi kisogoni. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiendesha skuta ndogo za automatiki zenye kabureta na kuzitengeneza mwenyewe, na majirani huniletea zao. Ninachokiona mara kwa mara ni watu kununua vipuri kabla ya kujua ni upande gani wa chombo ulioharibika. Kwa hiyo ushauri wangu unaanza na swali moja: je, injini inazunguka kwa nguvu huku gurudumu halifuati, au injini yenyewe ndiyo inayoshindwa?

Swali hilo hujibiwa kwa sikio. Panda mlima unaoujua, vuta gesi hadi mwisho, kisha sikiliza. Ikiwa mlio unapaa na kuwa mkali ilhali skuta inajikokota, nguvu inapotelea njiani, yaani kwenye mkanda au klachi. Ikiwa mlio unakuwa mzito, unakatakata au unafifia kadiri unavyovuta gesi, acha mkanda ulipo, kwa sababu tatizo liko kwenye mafuta, hewa au moto wa buji (plagi). Kuna hali moja inayodanganya: skuta huondoka kwa uzito, mlio wake ukiwa chini lakini laini, kisha huchangamka baada ya kushika mwendo. Hapo injini huwa nzima, na mara nyingi lawama ni za rola, vile vipande vidogo vya mviringo vyenye uzito vilivyo ndani ya puli ya mbele.

Kabla ya kufungua chochote, isimamishe kwa stendi ya katikati, injini ikiwa imezimwa, na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Lisipozunguka kwa urahisi, breki inashika, na hakuna mkanda utakaoponya hilo. Angalia na upepo wa tairi.

Sasa tufungue kifuniko cha kushoto. Ndani utakuta puli ya mbele iliyofungwa kwenye shafti ya injini, mkanda, na puli ya nyuma iliyobeba klachi pamoja na kengele yake, yaani ngoma ya chuma inayozungushwa na klachi. Injini inapoongeza mzunguko, rola zilizo nyuma ya puli ya mbele husukumwa nje, sahani mbili za puli hukaribiana, na mkanda hulazimika kupanda kuelekea ukingoni. Nyuma, mkanda huohuo huzama kati ya sahani za puli ya pili kwa kushindana na springi nene. Huko ndiko kubadilisha gia kwa skuta. Vumbi jeusi utakalolikuta humo usilipulize kwa mdomo; ni unga wa mkanda na wa bitana (nyuso za kusugulia) za klachi, na mapafu hayauhitaji. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu.

Mkanda upime upana kwa kalipa, usiuhukumu kwa macho. Vipimo vyake huandikwa mgongoni. Kwa skuta nyingi za Kichina za cc 50 utasoma 669-18-30, ambapo 18 ni upana kwa milimita. Mkanda uliopoteza milimita moja au zaidi mimi huubadilisha, hata kama hauna ufa, kwa kuwa ukishakuwa mwembamba hauwezi tena kupanda hadi ukingoni mwa puli ya mbele, na kasi ya juu hupotea kidogokidogo bila mwenye skuta kujua imepotea lini. Ukikuta mkanda umelowa oili, usikimbilie kununua mpya. Tafuta kwanza sili (mpira wa kuzuia oili) inayovuja, ama ya shafti ya injini ama ya giaboksi ya nyuma, kwa sababu mkanda mpya juu ya sili mbovu utaanza kuteleza upya muda si mrefu.

Rola ndizo zinazostahili muda wako zaidi. Skuta nyingi za aina hii zina rola sita, na kila moja inapaswa kuwa duara kamili. Ipitishe kidoleni polepole chini ya mwanga: rola iliyochakaa ina upande uliobapa, na upande huo huifanya ikwame mahali pamoja badala ya kubingirika, ndiyo maana skuta husitasita kwenye kasi ileile kila siku. Ukinunua seti mpya, angalia uzito kwa gramu. Rola nzito huufanya mkanda upande mapema, injini ikabaki kwenye mzunguko wa chini na kuchoka mlimani. Rola nyepesi kidogo huiacha injini izunguke juu zaidi, ikapata nguvu ya kupanda, ila itakunywa mafuta zaidi. Kwa milima yetu mimi huchagua zilizo nyepesi kwa gramu moja hivi kuliko za kiwandani, wala sizidishi hapo. Uzito uliochapishwa kwenye pakiti siuamini sana. Mjini kwetu mizani midogo ya wanunuzi wa dhahabu haikosekani, na kupimiwa rola sita ni suala la salamu nzuri tu.

Ipo pia njia rahisi ya kuona mkanda unafika wapi. Safisha uso wa puli ya mbele kwa kitambaa chenye petroli kidogo, uache ukauke, halafu chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kutoka katikati hadi ukingoni. Rudisha kifuniko, tafuta kipande cha tambarare (jambo ambalo hapa Bukavu ni kazi yenyewe), endesha hadi mwendo wa juu kabisa, kisha fungua tena. Mkanda utakuwa umefuta wino hadi pale ulipofika. Wino ukibaki mpana karibu na ukingo, ama mkanda umekwisha, ama rola zimekwama au ni nyepesi mno, ama kuna pete ya kubana kasi. Pete hiyo utaikuta hasa kwenye skuta za cc 50 zilizokwishatumika Ulaya, ambako sheria huziwekea kikomo cha kilomita 45 kwa saa. Anayeitoa ahakikishe kwanza kwamba breki zake zinaweza kubeba kasi hiyo mpya.

Klachi hujieleza wakati wa kuondoka. Skuta ikitetemeka, bitana zimekuwa ngumu na kung'aa kama kioo. Zisugue kidogo kwa msasa, ukiwa umefunika pua. Kengele ikiwa na madoa ya rangi ya bluu, iliungua kwa kuteleza, na mara nyingi ni kwa sababu dereva ana mazoea ya kuishikilia skuta mlimani kwa gesi badala ya breki.

Kwenye kufunga ndipo nimeona uharibifu mkubwa kuliko kwenye kufungua. Kabla ya kukaza nati ya puli ya mbele, tanua sahani za puli ya nyuma kwa mikono na uuzamishe mkanda ndani, ili upande wa mbele ulegee. Usipofanya hivyo, nati itaubana mkanda badala ya kuibana sahani. Utahisi imekaza, kumbe haijakaza, na baada ya safari fupi italegea na kuyala meno ya shafti. Hapo utakuwa unazungumzia shafti ya injini, si mkanda tena. Na usiizuie puli kwa kuchomeka bisibisi kwenye mapezi yake ya kupoozea, kwa kuwa huvunjika kirahisi. Tumia kishikio chake.

Sikio likikuelekeza kwenye injini, anza na chujio la hewa, hasa wakati wa kiangazi, halafu buji. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani, hivyo kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani hutoa petroli nyingi kupita kiasi. Buji nyeusi yenye masizi makavu ni dalili yake, na jeti kuu (kipande chenye tundu dogo linalopima petroli) iliyo ndogo kwa namba moja au mbili hurekebisha hali hiyo.

Jirani yangu mmoja alibadilishiwa pistoni na ringi zake kwa fedha nyingi, na skuta ikaendelea kuzama kila alipovuta gesi hadi mwisho. Nilifungua kifuniko cha juu cha kabureta, nikautoa ule mpira mwembamba unaoinua pistoni ya kabureta, nikauinua mbele ya dirisha. Ufa mdogo, usiozidi ukucha, ulipitisha mwanga. Mpira ukipasuka, pistoni hiyo hainuki, na injini hukosa hewa na mafuta iliyoyaomba. Ukague huo kabla ya kumruhusu yeyote afungue silinda.

Mwisho ni skuta inayokata moto katikati ya mpando mrefu, kisha kuwaka vizuri ukishasimama dakika chache. Fungua kifuniko cha tangi palepale. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la kupumulia limeziba, na sindano itamaliza kazi. Usiposikia kitu, chomoa mpira wa mafuta na uyakinge kwenye chupa ya kioo, hasa kama unanunua kwa kadhafi, muuza petroli wa barabarani: maji yatatulia chini ya petroli, na utayaona kwa macho yako.