BCG ikivuja kidogo, ngozini imebaki kiasi gani?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto. BCG (chanjo ya kifua kikuu) ya watoto wachanga tunachoma mililita 0.05 kwa sindano zinazojifunga zenyewe, lakini mara nyingine nikichomoa naona unyevu juu ya ngozi. Nitajuaje kama dozi imeingia yote? Na kiasi kidogo hivi kinapimwaje?

JIBU: Dada, hapo kuna vipimo viwili: kiasi kilichotoka kwenye sindano, na kiasi kilichobaki ngozini. Wengi hupima cha kwanza wakadhani wamemaliza.

Kilichotoka hupimwa kwa mizani. Mililita 0.05 za maji zina uzito wa miligramu 50 hivi. Ile dripu ya matone 20 kwa mililita, tone lake moja ndiyo dozi nzima ya mtoto! Mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01 haitakufaa, maana hatua yake moja ni miligramu 10, yaani sehemu ya tano ya dozi. Inatakiwa ya maabara, isomayo miligramu 0.1, iliyozungushiwa vioo ili upepo usiichezee. Pima kichupa, sukuma dozi ndani, gusisha ncha ya sindano kwenye ukuta wa kichupa ili tone lisibaki likining'inia, funika, pima tena. Usipofunika utaona tarakimu zikishuka zenyewe, kwa sababu maji yanakauka. Rudia kwa sindano nyingi, na wastani usikudanganye: moja ikitoa miligramu 40 na nyingine 60, wastani ni 50 safi kabisa, ila hakuna mtoto aliyepata 50.

Kilichobaki ngozini ndicho kigumu. Maabara huchoma maji ya chumvi kwenye ngozi ya nguruwe, inayokaribiana na yetu, kisha hugusisha juu ya tundu karatasi ya chujio iliyopimwa ikiwa kavu. Uzito ulioongezeka kwenye karatasi ndio uliovuja. Mkono uwe mwepesi. Ukikandamiza, unakamua dozi mwenyewe.

Kliniki huna mizani hiyo. Kiuvimbe cheupe chenye vishimo kama ganda la chungwa kinathibitisha kwamba umechoma ndani ya ngozi, si chini yake, lakini hakisemi ni mililita ngapi. Hata kwenye Mantoux, kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, cha mililita 0.1, kinachotarajiwa ni kiuvimbe cha upana wa milimita 6 hadi 10, na hiyo ni nafasi pana.

Unyevu unaouona mara nyingi hutokana na mdomo wa sindano kutozama wote, au kuchomoa papo hapo kisukumio kinapogota. Subiri kidogo. Angalia pia viputo: hewa ya mililita 0.01 tu inakula sehemu ya tano ya dozi, na sindano hizo hazikuruhusu kuvuta upya. Dozi ikivuja wazi, usichome tena kwa kukisia; andika kwenye rejesta, umwulize msimamizi wa chanjo.