Umeniuliza kuhusu Nebraska, nakujibu kuhusu Oma

Mwanangu,

Meseji yako ya Jumapili nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nimesimama jikoni mpaka mtori ukashika chini. Unauliza ukiolewa na huyu kijana mkahamia shambani kwa wazazi wake huko Nebraska, Marekani, utazoea? Nikasema huyu mtoto kasahau alikokulia, maana hilo swali Oma, yule bibi yetu Mjerumani wa Iowa, alishalijibu, ila jibu lake silo la kuzoea wala kutozoea, ni kitu kingine. Nilitaka kukurekodia voisi nikaacha, nitalia katikati halafu baba yako aanze kuuliza kuna nini.

Oma najua unamkumbuka kwa mikate na lile koti la kijani alilokushonea kwa blanketi la jeshi la mumewe. Mengine huyajui, tulikuwa tunayaongea ukishalala.

Tulifika Iowa 1996, baba yako anasoma kilimo pale Ames, kodi ya mjini ikatushinda, kanisa likatutafutia nyumba kijijini, nusu saa kwa gari, mahindi upande huu soya upande ule, na harufu ya nguruwe upepo ukigeuka. Mi sina kazi, sina gari, nina wewe na theluji. Siku moja posta umenichosha nakugombeza kwa Kiswahili, nakwambia ukiendelea hivyo kesho huendi shule, nasikia mtu nyuma yangu anasema, Schule? Ndo Oma huyo, bibi mrefu, kofia ya kusuka. Anataka kujua hilo neno nimelitoa wapi. Nikamwambia ni Kiswahili mama. Akasema hapana, hilo ni letu! Nikamwongezea na hela, nikamwambia hata hela tulichukua kwenu, kwenye heller za enzi za Mjerumani. Alicheka mpaka karani akachungulia dirishani. Jumapili yake kanisani nikawa naimba kimoyomoyo nyimbo zetu za Machame zile walizoleta wamisionari wa Leipzig, kumbe yeye kiti cha mbele anaimba sauti zilezile kwa Kijerumani, midomo tu, hatoi sauti. Hiyo ya kutotoa sauti nilikuja kuielewa baadaye.

Alikuwa mtu wa Kassel, Ujerumani. Mji wao ulipigwa mabomu Oktoba 1943, usiku mmoja katikati yote ya mji ikageuka kifusi. Vita vikaisha, ikaja ile baridi ya 1946 kuingia 1947, njaa tupu, mama yake anabeba mashuka ya harusi anaenda vijijini kubadilishana na viazi. Ndo kwenye shida hiyo akampata askari wake. Na usidhani ilikuwa rahisi, mwanzoni askari wa Kimarekani walikatazwa hata kupiga stori na Mjerumani, kuoa ndo kabisa, ruhusa ikatoka Desemba 1946, na hapo bado kibali cha kamanda, bado daktari, bado maswali kama ulikuwa kwenye chama cha Hitler. Akapanda meli Bremerhaven 1947, miaka 22.

Sasa hapa ndo alikuwa ananivunja mbavu. Kafika Marekani, nchi anayoijua kwa sinema, anaulizia choo, anapelekwa kibandani nyuma ya mabanda ya kuku. Choo cha shimo! Mtoto wa mjini aliyekua anapanda tramu! Umeme wenyewe ulikuwa umeingia miaka michache tu nyuma. Nikamwambia Oma, kumbe ulikuja kwetu Machame bila kujua. Akapiga meza mpaka chai ikamwagika.

Unajua tunavyosema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Oma jembe alipewa siku ya kwanza. Kukamua, kunyonyoa kuku, kupanga nyanya kwenye chupa ziwe akiba ya msimu wa baridi. Mi nimesema na nitasema mpaka mnizike, jembe kila mtu atakupa, we angalia nani anakupa kiti.

Mama mkwe wake alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa alifia vitani msitu wa Hürtgen, hukohuko Ujerumani, 1944, mdogo karudi na Mjerumani mkononi. Hebu fikiria. Yule mama hakutukana, hakufukuza, ila picha ya marehemu na sare zake aliitundika ukutani mkabala kabisa na pale Oma anapokaa kula. Kila akiinua uso toka kwenye sahani, yule pale. Na jina lake hakumwita, alikuwa anasema "yeye". Yeye kashafua? Mpelekee yeye ndoo.

Kinachonichanganya mpaka leo, mama mkwe mwenyewe asili yao ni hukohuko, jina la ukoo la Kijerumani tupu, mawe ya makaburi ya babu zao Kijerumani. Ila 1918, kwenye vita ile ya kwanza, gavana wa Iowa, Harding, alitoa amri Kiingereza tu, shuleni, kanisani, kwenye treni, hadi kwenye simu. Na simu za shamba zilikuwa laini moja nyumba kibao, jirani ananyanyua tu anasikiliza yako. Wanawake walipigwa faini kwa kuongea Kijerumani na wenzao kwenye simu! Mama mkwe alikuwa mke mpya tu wakati ule, akaifungia lugha huko ndani ikabaki huko. Kwa hiyo Oma akilia usiku na kusali kwa kwao, akiamini hakuna anayemwelewa, chumba cha pili kuna mtu anasikia kila neno. Miaka 14.

1961 mama mkwe akapata kiharusi, Kiingereza chote kikafutika, akaanza kuongea Kijerumani cha kizamani. Nyumba nzima hakuna anayeelewa ila Oma. Oma akajisogeza, akajua sasa naambiwa, sijui nisamehe, sijui nakuchukia, chochote. Yule mama akamwambia, funga mlango, watatusikia.

Basi. Ndo hilo. Oma akinisimulia hakulia, alinyoosha kidole tu akasema, alisema *sisi*. Akaenda akafunga mlango, wakaongea wiki tatu mpaka mama akafa, na walichoongea hajaniambia.

Mi nasema kile kilikuwa kiti. Baba yako anasema kiti gani hicho cha kupewa na mtu anayekata roho, miaka 14 alikuwa wapi. Tumebishana hili tangu Iowa mpaka tumezeeka. Kuna siku namkubalia, halafu namfikiria yule mama, mwanawe yuko ukutani, halafu anatakiwa ampende msichana kwa sababu tu ana miaka 22 na anajua kuoka. Mi ningeweza? Sijui bwana. Mi na wakwe zangu hatukuwa na vita yoyote na unajua ilivyokuwa.

Wakati wa vita ya pili kulikuwa na kambi ya wafungwa wa Kijerumani kaskazini kidogo, Algona, na wafungwa walikuwa wanatolewa kwenda kufanya kazi mashambani. Walitengeneza hadi masanamu ya zizi la Bethlehemu, kila Krismasi watu wanaenda kuyaangalia mpaka leo, na sisi tulikupeleka, ukamlilia ngamia. Siku hiyo Oma aliniambia, watu wa hapa wale wafungwa waliwapenda kuliko mimi, walijua wale wataondoka.

Sasa nifike kwenye langu, maana nazunguka. Mumewe alifariki Februari 1997, baridi ardhi imekuwa chuma. Baada ya maziko tuko jikoni chini ya kanisa na wanawake wengine, tunagawa kahawa na ile jelo yao wanayotia karoti, dada mmoja tu, mtu mzuri kabisa, ananiuliza taratibu, sasa huyu atarudi kwao? Nikaona ni swali la kawaida. Kwetu si ndo kikao cha kwanza baada ya matanga, mjane anaulizwa anabaki au anarudi? Nikachukua kikombe nikampelekea Oma, nikakaa pembeni yake, nikamuuliza, Oma, utarudi nyumbani sasa?

Aliweka kikombe chini. Akaniangalia akasema, hata wewe?

Miaka 50, mwanangu. Watoto watatu, wajukuu, mume kamzika hapo nje nusu saa haijapita. Na mimi ndo nilikuwa mtu wake, mimi mwenye shule na hela, mimi ndo nimembebea lile swali kwenye sahani. Sikumjibu. Nikaanza kukusanya vikombe kama kichaa.

Hakuja kwetu wiki mbili. Kisha akaja na mkate, tukaongea habari za theluji, hatukulirudia tena mpaka tunaondoka 1999, na kwenye barua zake zote hakuligusa. Nimewahi kuandika samahani mara nyingi, sikuzituma, ningeanzia wapi. Amezikwa hukohuko, pembeni ya mumewe, mama mkwe yuko mstari uleule.

Sasa we unaniuliza kuzoea. Alizoea mwaka wa kwanza! Mkate wake ndo ulikuwa unaisha wa kwanza kwenye mnada wa kanisa, nguruwe alikuwa anawajua kuliko mumewe. Na ningekuwa nakupa uamuzi ningekwambia... hapana, nimemuahidi baba yako sitasema, yupo hapa anaangalia taarifa ya habari na anajifanya hasikii.

Umesema Krismasi mnaenda kuwasalimia wazazi wake. Nenda. Wasaidie vyombo, usikae kama mgeni, ila usijifanye ng'ombe wa kulimia pia. Ukikaa mezani inua macho uone ukutani kwao wametundika nini mkabala na wewe. Na umsikilize mama yake, akikutaja kwa wengine anasemaje. Halafu nipigie palepale, hata kama huku ni saa tisa usiku, simu nitailalia.

Koti lako la kijani bado liko kwenye sanduku la bibi yako, panya wametafuna mkono mmoja ila fundi anasema linatengenezeka. Halikutoshi, najua. Lakini nimempa ashone, na mama mdogo wako anasafiri mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo nitumie anwani.

Mama yako