Usiache PrEP kwa sababu ameanza dawa, lete karatasi kwanza

Dada wa Pipeline, rudisha hiyo chupa ulipoitoa na umeze kidonge cha leo cha PrEP, dawa ya kumkinga asiye na virusi vya Ukimwi. Mengine tutaongea ukishameza.

Umeandika kwamba mzee wako ana wiki saba kwenye ARV, zile dawa za wenye virusi vya Ukimwi, wewe huna virusi, na mwisho wa mwezi unataka kuacha PrEP kwa sababu mtu kwenye kikundi amekwambia "akishaanza dawa hawezi kukuambukiza." Ukauliza pia ufanyeje chupa isikupigie kelele mkobani ukiwa kazini. Nimesoma, nikatoka nje nikazunguka nyumba kwanza. Hiyo sentensi ya kikundi naijua. Niliambiwa mimi mwaka 2019, na leo dawa nameza kama mgonjwa, si kama mtu anayejikinga.

Mama watoto alikuwa mjamzito, akapimwa kliniki ya wajawazito akapatikana navyo. Nikaitwa, nikapimwa, sina. Usiulize ilikuwaje, hata sisi tulichoka kuulizana. Yeye akaanzishiwa ARV siku hiyohiyo, mimi nikapewa PrEP: kidonge kimoja kila siku, nirudi kupimwa baada ya mwezi mmoja, halafu kila miezi mitatu. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Saa moja jioni, taarifa ya habari ikianza, na mimi namezea maji.

Wiki ya tisa nikaacha.

Kazi ilichangia, sikatai. Mimi ni fundi wa kuchomelea, Kariobangi. Ukienda kliniki asubuhi unarudi saa saba, unakuta mteja wa geti ameshahamia kwa jirani. Lakini kilichonimaliza ni jamaa mmoja wa ushauri, fulana nyeupe, kalamu mbili mfukoni. Alituketisha wanaume wanane kwenye benchi akatuambia, "Mama akishaanza dawa virusi vinalala. Nyinyi mnajichosha figo bure." Figo! Mimi naogopa mambo ya figo kuliko askari wa kaunti. Nilitoka pale nimesimama wima kama mtu aliyeachiliwa na korti.

Sasa sikiliza, maana uongo wa huyu bwana ulikuwa nusu, na nusu ndiyo mbaya zaidi. Ni kweli kabisa kwamba mtu ambaye dawa imeshusha virusi vyake chini ya nakala 200 kwa mililita ya damu, na vikakaa huko, hamwambukizi mwenzake kitandani. Watafiti wa Ulaya walifuatilia wanandoa wa namna yetu miaka kadhaa, bila kondomu, na hawakupata hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake ambaye virusi vyake vilikuwa vimeshuka hivyo. Vimeshuka! Siyo "ameanza dawa." Kuanza dawa ni kupanda matatu, bado hujafika. Wengine virusi vinashuka haraka, wengine vinachukua hadi miezi sita, na wengine havishuki kwa sababu kuna jambo nyumbani ambalo hulijui.

Kwangu jambo lenyewe lilikuwa karai. Karai la bluu, chini ya kitanda, upande wake. Mimi nilidhani ni la nguo za mtoto, tulikuwa tumeshaanza kununua vitu. Kumbe mimba ilikuwa inamtapisha vibaya, na mara nyingi alitapika muda mfupi baada ya kumeza. Kidonge kinaingia saa mbili, saa mbili na robo kiko kwenye karai. Usiku mwingine akaona afadhali asimeze kabisa. Hakuniambia kwa sababu hakutaka niogope, na kliniki hakusema kwa sababu aliogopa kugombezwa. Nami nilikuwa nimelala fofofo, figo zangu zimepumzika.

Mwezi wa saba nikapata homa, tezi za shingo zikavimba. Nilikuwa nimetoka Busia, nikasema hii ni malaria, nikanunua dawa duka la dawa hapo kona. Ikaisha. Baadaye majibu ya damu ya mama watoto yakarudi: nakala zaidi ya 18,000 kwa mililita. Nikashikwa na kiwewe, nikafanya upumbavu wa pili: nikachomoa chupa ya zamani, vidonge kumi na tisa vimebaki, nikaanza kumeza tena bila kupimwa. Muuguzi aliponiuliza nikamweleza kwa fahari kabisa. Aliweka kalamu chini. Akaniambia PrEP ni dawa mbili, za kuzuia. Kama virusi vimeshaingia, hizo mbili haziwezi kuvimaliza, zinavifundisha tu kuzizoea. Akanitoboa kidole. Mistari miwili.

Basi, tofauti nyumbani kwetu ziliisha. Tunameza saa moja, wote wawili, taarifa ya habari ikianza. Mtoto yuko salama, hana virusi, ana kelele tu.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba jibu lilikuwa Thika! Thika hapo, nauli ya matatu. Wanandoa 1,013 wa Kenya na Uganda, wakiwemo wa Thika na Kisumu, walifuatiliwa katika utafiti ambao asiye na virusi alimeza PrEP mpaka mwenzake atimize miezi sita kwenye ARV. Maambukizi yakapungua kwa asilimia 96 ukilinganisha na yaliyotarajiwa. Serikali ikaanza kutoa PrEP nchi nzima mwaka 2017. Mimi naachishwa mwaka 2019 na kalamu mbili mfukoni.

Kwa hiyo usiache kwa sababu ya kalenda, na usiache kwa sababu ya mdomo wa mtu, hata mdomo wangu. Karatasi. Majibu ya wingi wa virusi ya mzee wako, uyaone kwa macho yako, kisha mkae na daktari wote wawili muamue. Hata miezi sita ikitimia, kama karatasi haijaja unaendelea kumeza. Na muulize kama anatapika au anaruka siku, muulize kwa upole. Kama ulishaacha kidogo halafu mkakutana, usianze tena kimyakimya kama mimi. Nenda upimwe, na kama ni ndani ya saa 72 waambie waziwazi, kuna dawa za dharura za siku 28.

Vidonge vyako vimebaki vingapi? Kama havifiki kumi, nenda Jumatatu, usingoje viishe.

Na ile kelele ya chupa, kweli inalia kama kayamba. Jaza pamba juu ya vidonge kabla hujafunga.