Anza na mbegu, jeni itangoja: kwa mnaoanza kukagua usalama wa mazao ya mafuta ya GMO

Mtu mgeni akikabidhiwa faili yake ya kwanza, yaani maombi ya kibali cha mbegu ya GMO (iliyobadilishwa jeni), hukimbilia kurasa za jeni. Anataka kujua imetoka kwa bakteria gani, imeingizwa mara ngapi, imekaa wapi kwenye kromosomu. Ni mambo ya lazima na utayasoma yote. Ila kijana akija kwetu hapa Njoro mimi humwambia ayaweke kando kwanza, anieleze mbegu yenyewe itaishia wapi. Itakamuliwa? Itasagwa? Itamwagika njiani? Na nani atakula kipi?

Chukua soya. Faili nyingi huandikwa na watu ambao kwao soya ni mafuta ya kupikia na chakula cha kuku. Mafuta yakishasafishwa kiwandani karibu hayana protini tena, na jeni iliyoingizwa kazi yake kwa kawaida ni kutengeneza protini, kwa hivyo mwombaji ataandika kwamba mlaji hakutani nayo kabisa. Kwa mlaji wa Chicago huenda hoja hiyo ikasimama. Sasa shuka Butere au Bungoma. Mama anakaanga soya, anasaga pamoja na mahindi au wimbi, anampikia mtoto uji. Jirani yake anaikaanga mpaka inakuwa nyeusi, anaisaga, anaitia kwenye maji moto badala ya majani ya chai. Mtoto yule anakula punje nzima na protini yake yote, tena kila asubuhi, na uzito wake hata kilo kumi na tano haufiki. Hesabu ya ulaji inafaa ianzie kwake. Ukikuta jedwali la ulaji limechukuliwa nchi nyingine, andika swali, usione haya. Huo ndio mchango wako. Habari za kromosomu mwombaji anazijua kukushinda.

Kisa cha kokwa ya Brazil kinafaa kukaa kichwani mwako. Kampuni moja ya mbegu Marekani iliingiza jeni ya kokwa hiyo kwenye soya ili kuongeza methionini, kijenzi kimoja cha protini, nia ikiwa chakula cha mifugo. Watafiti walichukua seramu (maji ya damu) ya watu wenye mzio wa kokwa ya Brazil wakaijaribu kwenye soya ile, na kingamwili zao zikaishika protini mpya, ishara kwamba ingewaletea mzio. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996 na mbegu haikuwahi kuuzwa. Wengine husimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba GMO ni sumu, wengine kama ushahidi kwamba ukaguzi unafanya kazi. Mimi naangalia yale maneno "chakula cha mifugo". Anayepanga kulisha kuku hawezi kukuahidi kwamba gunia halitafunguliwa soko la Kibuye, Kisumu, na kuuzwa kwa gorogoro.

Siku hizi protini mpya hulinganishwa kwanza na orodha za vizio (protini zinazoleta mzio) vinavyojulikana. Mwongozo wa Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, wa mwaka 2003 unasema ufanano ukipita asilimia 35 katika kipande cha asidi amino 80, uchunguzi uendelee. Kisha protini hutiwa kwenye pepsini, kimeng'enya cha tumboni, ionekane inavunjika upesi kiasi gani. Hakuna jaribio hata moja kati ya hayo linalotosha peke yake, kwa hivyo mtu akikuletea moja tu akadai amemaliza, mrudishie faili.

Kwenye jedwali la viambato ndiko wageni wengi hupotea. Tuseme asidi ya oleiki, mojawapo ya asidi za mafuta, ni asilimia 22 kwa soya iliyobadilishwa na 21 kwa mwenzake wa kawaida, na pembeni kuna nyota ya kuonyesha tofauti ya kitakwimu. Mgeni huzungushia kalamu nyekundu. Ngoja kwanza. Angalia kama mwenzake huyo ni wa ukoo uleule na alipandwa shamba lilelile msimu uleule. Angalia aina za soya zinazouzwa kila siku zinacheza kati ya ngapi na ngapi, maana 22 inaweza kuwa katikati kabisa. Kisha uone kama tofauti inajirudia kila kituo au ni kituo kimoja kilichopigwa na ukame. Kinyume chake, soya iliyoundwa makusudi iwe na oleiki zaidi ya asilimia 70 haiwezi kujificha nyuma ya neno "sawa". Hapo unapima lishe upya. Na kila zao lina sumu zake za asili za kufuatilia: soya ina vizuizi vya tripsini vinavyokwamisha umeng'enyaji wa protini, kanola (zao la mafuta la jamii ya haradali) ina asidi ya erusiki na glukosinoleti, pamba ina gosipoli. Mashudu ya pamba ng'ombe mzima huyastahimili, ndama na kuku hapana, na hilo ni kweli hata kwa pamba ambayo haijaguswa na maabara yoyote.

Kuhusu majaribio ya kulisha panya, hesabu walikuwa wangapi kabla hujatazama picha. Septemba 2012 kulichapishwa utafiti wa Ufaransa kuhusu mahindi ya GMO na uvimbe kwa panya. Novemba ya mwaka huo Kenya ikapiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO. Makundi yalikuwa ya panya kumi kumi, wa aina inayoota uvimbe yenyewe ikizeeka. Jarida liliuondoa utafiti ule mwaka 2013, lakini marufuku ilikaa mpaka Oktoba 2022.

Mazingira nayo yanataka macho ya mwenyeji. Soya huku kwetu haina ndugu wa porini wa kuzaliana naye, kwa hiyo sehemu hiyo isikuchukulie siku nzima. Kanola ni kesi nyingine. Japani hailimi kanola ya GMO kibiashara, ilhali imeonekana ikiota kando ya bandari na barabara kwa mbegu zilizodondoka. Simama karibu na mizani ya Gilgil utazame maloli, ujiulize kama turubai zote zimefungwa. Halafu kumbuka kanzira, mboga ya majani: ni jamaa wa kanola, wanaweza kupandana ingawa watoto huwa dhaifu, na akina mama wa magharibi huiacha itoe maua ili wapate mbegu za msimu ujao. Faili ya kutoka ng'ambo haitataja kanzira hata mara moja. Itaje wewe.

Pamba ya Bt, yenye jeni ya bakteria inayotengeneza protini ya kuua viwavi na inayolimwa nchini tangu 2020, ina swali lake: viwavi wakizoea, mkulima wa Busia au Homa Bay atafanya nini? Uhindi kiwavi wa pamba wa rangi ya waridi ameshaizoea. Kwa hiyo mpango wa kupanda mistari ya pamba ya kawaida kando, ili viwavi wasizoee upesi, usiusome juu juu. Uliza nani atamkagua mwenye ekari moja.

Jambo la mwisho ni la sampuli. Sheria ya lebo ya Kenya inaanzia asilimia 1 ya GMO, na mtu atakuletea chupa ya mafuta safi akitaka umpimie GMO. Mwambie arudi na mbegu au mashudu. Kwenye mafuta yaliyosafishwa DNA iliyobaki ni kidogo mno, na jibu la "haikuonekana" atalitumia kama cheti.