Meza ya paina imepinda, nirudi kwenye mninga?

SWALI: Habari fundi. Nina karakana yangu Igoma hapa Mwanza. Mninga umepanda bei mpaka wateja wanakimbia, ikabidi nianze kutumia paina na mkaratusi. Sasa kuna mteja nilimtengenezea meza ya chakula ya paina, haijamaliza hata miezi mitatu topu imepinda na viungo vimeachia, kanirudishia. Wenzangu wananiambia mbao za kupandwa hazifai kwa fenicha nirudi tu kwenye mninga. Unanishauri nini? Na pia vipande vinavyobaki huwa nawauzia kina mama wanaokausha samaki, je kuna shida?

JIBU: Salama fundi, pole sana kwa hiyo meza maana najua kurudishiwa kazi inavyouma, mfukoni na kwenye jina pia. Lakini usirudi kwenye mninga kwasababu hiyo. Shida ya meza yako karibu kila mara sio paina, ni kwamba mbao ilikuwa mbichi.

Sasa sikiliza inavyokuwa. Mbao ikitoka kupasuliwa ina maji mengi, ikikauka mpaka kama asilimia 30 hivi haibadiliki umbo, ikishuka chini ya hapo ndio inaanza kusinyaa, na haisinyai sawasawa, ule upande unaofuata pete za mti (zile duara unazoziona gogo likikatwa) unasinyaa karibu mara mbili ya upande unaotoka kwenye kiini kwenda gome, ndio maana inakunjama. Chukua mbao ya inchi 10 ina maji asilimia 25, ukaiunga leo, ikaenda kukaa sebuleni ikashuka mpaka 12, upana unaweza kupungua milimita 6 au zaidi. Hakuna gundi wala msumari utakaozuia hiyo, lazima kitu kipasuke au kipinde. Mninga unakusamehe kwasababu wenyewe unasinyaa kidogo sana, kwahiyo mafundi wengi tumezoea kuunga mbao mbichi ya mninga na kazi ikasimama, tukihamia paina kwa mazoea yaleyale tunaumbuka.

Kipimo cha unyevu kama huna usihangaike. Kata kipande kidogo, usikikate mwishoni mwa mbao maana kule hukauka mapema, ingia ndani kama futi moja na nusu. Kipime kwenye mzani wa kidijitali wa jikoni, tuseme kina gramu 400. Mpe mama anayeoka keki akuwekee kwenye oveni moto wa kama nyuzi 100, ukitoe ukipime, ukirudishe, mpaka uzito ugome kushuka. Kikibaki gramu 320 maana yake gramu 80 zilikuwa maji, gawanya 80 kwa 320 unapata asilimia 25, hiyo mbao bado usiiguse. Kwa fenicha ya ndani huku kwetu kandokando ya ziwa tafuta kati ya 10 na 14, na kama meza inaenda ofisi yenye AC basi iwe karibu na 10.

Ukinunua paina ipange siku hiyohiyo, chini kwenye kivuli, juu ya matofali isigusane na ardhi, kila safu weka fito za unene mmoja na fito zikae mstari mmoja toka chini mpaka juu, hapa ndio wengi wanakosea, fito zikipishana mbao inajifunza kupinda hapohapo. Juu weka mzigo mzito. Mkaratusi unahitaji subira zaidi, una nguvu za ndani zinazovutana ndio maana unapasuka vichwani ukiuangalia tu, upake vichwa rangi ya mafuta au nta mara tu unapoupata na usiuweke juani hata kidogo. Mimi mkaratusi mchanga siutumii kwa topu, nautumia kwenye miguu na fremu za ndani.

Alafu kwenye topu acha kutumia ubao mmoja wa inchi 10 au 12. Upasue vipande vya inchi 3 hivi uviunge kwa gundi, pete za kimoja zikiangalia juu za jirani yake ziangalie chini, hata kikikunjama kila kimoja kidogo topu yote inabaki flati. Hapo hata vile vipande vyembamba ulivyokuwa unawauzia kina mama vinapata kazi. Na topu usiigundishe wala kuipigilia kwenye fremu, ishike kwa skrubu zilizopita kwenye tundu refu kidogo ili iweze kutembea.

Mninga sikuambii uuache kabisa. Ila ujue ni mti wa aina gani, mche wake miaka ya mwanzo unakufa juu kila kiangazi na kuchipua upya huku unajenga mizizi tu, mpaka ufikie wa kupasuliwa ni miaka 70 na kuendelea, na unaotufikia sisi mwingi unatoka misitu ya asili ya huko Tabora na Katavi. Kuutumia mti kama huo kwenye mgongo wa kabati ambao unaangalia ukuta kwa kweli inaniuma. Uweke panapoonekana na panaposuguliwa, uso wa droo, ukingo wa meza, mikono ya kiti, ndani weka paina, na muuzaji akupe risiti na akuonyeshe hati ya kusafirishia ya TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, asipokuwa nayo achana nae. Paina tunayo hapahapa mkoani, kuna mashamba ya serikali Buhindi kule Buchosa na Rubya kule Ukerewe. Mgrevilea nao usiudharau, ukipasuliwa vizuri una mng'ao mzuri sana, ila vumbi lake linawasha ngozi vaa mikono mirefu.

Kuhusu kina mama wa samaki, vipande vya mbao ngumu visivyo na dawa wala rangi wauzie tu, ila vya paina vina utomvu, moshi wake sio mzuri kwa samaki. Lakini zile mbao zilizowekwa dawa, zile zina ukijani kijani, usiwape hata bure. Nyingi dawa yake ina shaba, kromiamu na arseniki, ukizichoma arseniki inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, sasa moshi huo ndio unaingia kwenye samaki, na majivu yakimwagwa kwenye bustani ya mchicha ni hivyohivyo. Plaiwudi, MDF (zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) na vipande vyenye rangi au vanishi navyo visiende kwao. Tenga mapipa mawili hapo karakana, na kijana anayefagia mwelekeze wewe mwenyewe kipi kinaenda wapi.