Kabla hujamtaja mchafuzi wa kisima, itazame kamba ya ndoo yako

Miaka michache nyuma, masika yakielekea mwisho, watoto wa kijijini kwetu Kusini Unguja walishikwa na maradhi ya kuharisha. Sheha akaitisha kikao, na adhuhuri haijaingia watu walishampata mkosaji: hoteli ya ufukweni, karo lake, yaani shimo la maji ya vyooni, linavujia visimani. Kwa kuwa niliwahi kufanya kazi ya kuchukua maji ya kupimwa maabara, nikaombwa "nithibitishe". Nikakubali, na hapo ndipo nilipokosea, maana nilitoka nyumbani na jibu mkononi.

Siku ile nilizungukia visima vitano kwa ndoo moja na kamba moja ya makumbi. Kila nikimaliza kuvuta, kamba ilibaki chini, kwenye tope la wanaoosha vyombo. Majibu yakaja: visima vyote vina E. koli, bakteria wa kinyesi, hata cha shambani kisicho na nyumba karibu. Watu wakaona ushahidi umetimia. Mimi sikupata usingizi. Kamba ile ilikuwa imeingia visima vyote vitano, na sikuweza tena kujua kama nimepima maji au nimepima kamba.

Tukaanza upya. Chupa tasa ya maabara, isiyo na kijidudu hata kimoja, ilifungwa jiwe lililochemshwa, kwa kamba mpya kwa kila kisima. Inateremshwa polepole isiguse ukuta, inazama, ikijaa inavutwa, na maji kidogo yanamwagwa ibaki nafasi ya hewa. Kifuniko kinashikwa kwa nje tu, hakiwekwi chini hata kwa dakika moja. Anza na kisima unachokidhania kisafi, umalizie na unachokishuku. Na chukua chupa moja ya maji tasa kutoka maabara, ifungue palepale kisimani, uyahamishie kwenye chupa nyingine tasa, uifunge na kuipeleka pamoja na zile nyengine. Ikirudi na bakteria, ujue uchafu ni wa mikono yako. Zote zikae kwenye barafu gizani na zifike maabara ndani ya saa 6. Zikipita 24, bora urudi kisimani.

Kwenye lebo, pamoja na tarehe na saa, andika hali ya bahari. Sisi wa uwandani tunaishi juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu na mianya. Maji ya visima vya pwani hupanda na kushuka pamoja na bahari, na ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, si sawa na ya maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo. Andika pia mvua ya mwisho ilinyesha lini.

Chumvi nayo inadanganya. Kisima kikikolea, tunasema bahari imeingia, lakini mkojo na maji ya jikoni vina chumvi pia. Pima nitrati, ambayo uchafu wa vyooni huipandisha, na kloridi, na maabara ikiweza, bromidi; hizi mbili zimo katika chumvi. Katika maji ya bahari kloridi ni karibu mara 290 ya bromidi kwa uzito; uchafu wa vyooni aghalabu huupandisha uwiano huo, kwa sababu chumvi ya mezani ina bromidi kidogo sana. Kisima chetu kibaya kuliko vyote kilikuwa na nitrati juu ya miligramu 50 kwa lita, kiwango cha mwisho cha Shirika la Afya Duniani, na uwiano wake haukuwa wa bahari.

Mwisho tukatumia fluresini, rangi ya kufuatilia maji yanakokwenda, baada ya kuomba ruhusa na kuwaambia watu wasiteke. Tulianza na vyoo vya jirani. Asubuhi tuliimwaga kwenye choo cha nyumba iliyo hatua kumi na tano kutoka kisimani. Baada ya alasiri nikavuta maji, nikayamimina kwenye ndoo nyeupe juani. Yalikuwa ya kijani kama jani changa la mgomba.

Nyumba ile ni ya mjomba wangu. Aliiangalia ndoo muda mrefu, kisha akaniuliza ni watoto gani waliougua. Nikamtajia mmoja mmoja. Wiki ile ile karo lilifungwa, na lingine likajengwa mbali, lenye sakafu ya zege.

Rangi tuliyoimwaga hotelini haikutokea kisimani, lakini tuliijaribu maji yakiwa mafu, na jaribio moja la namna hiyo halimsafishi mtu. Tulirudi tena siku za bamvua, tukavuta maji kila saa mpaka magharibi, kila kisima na kamba yake.